Jinsi ya Kuomba Usajili wa Fomati ya Sauti kwa IANA

Umebuni fomati yako ya sauti na sasa unataka iwe na jina rasmi, kama audio/ogg au audio/flac. Daftari la majina hayo hutunzwa na IANA, chombo kinachoratibu majina na namba za intaneti, na utaratibu wa kuomba umeelezwa katika RFC 6838 ya mwaka 2013, mojawapo ya hati za viwango vya intaneti. Usajili haulazimishi kivinjari chochote kucheza mafaili yako. Unachopata ni jina tu.

Fomu iko kwenye tovuti ya IANA na hujazwa kwa Kiingereza. Kabla ya kuigusa, pitia orodha ya majina yaliyokwisha kusajiliwa, kisha uchague tawi, yaani kundi ambalo jina lako litaingia. Jina lisilo na kiambishi ni la IETF (jumuiya inayoandika viwango vya intaneti) na vyombo vya viwango vinavyotambuliwa, kwa hiyo ukiomba peke yako usipoteze muda huko. Bidhaa hutumia vnd. na kazi ya mtu binafsi hutumia prs. mwanzoni mwa jina. Ile x- ya zamani, ya majina yasiyosajiliwa, iache. Fomati ya FLAC ilizunguka miaka mingi kama audio/x-flac hadi RFC 9639 ya Desemba 2024 ilipoisajili audio/flac.

Sehemu ya fomu inayohusu baiti za utambulisho ndiyo itakayokutoa jasho. Hapo unaeleza ni baiti zipi zinazolitambulisha faili hata kama mtu amelibadilisha jina. Fungua terminali, uangalie faili lenyewe kwa xxd, amri inayoonyesha baiti za faili:

xxd -l 8 wimbo.flac
00000000: 664c 6143 0000 0022  fLaC..."

Ukiona hivi, utatamani kunakili zote nane. Usinakili. Utambulisho ni 66 4C 61 43 tu, yaani herufi fLaC. Baiti ya tano inataja aina ya kipande kinachofuata, na zile 00 00 22 ni urefu wake, baiti 34 (22 imeandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya kumi na sita). Kipande hicho kikiwa ndicho cha mwisho kabla ya sauti, ile 00 ya tano inageuka 80, na utambulisho wako mrefu unalikataa faili zima lisilo na kosa. Ndiyo maana napendekeza ulinganishe mafaili kadhaa yaliyotengenezwa kwa programu tofauti. Faili moja hudanganya.

Taja pia mahali baiti zilipo, ukihesabu kuanzia sifuri. WAV huanza na RIFF, lakini hata video za AVI huanza hivyo hivyo. Kinachozitenganisha ni neno WAVE kwenye nafasi ya 8, baada ya baiti nne za ukubwa. Ogg nayo huanza na OggS iwe ndani mna Vorbis au Opus, njia mbili za kubana sauti, na ya Opus utaijua kwa OpusHead kwenye nafasi ya 28. MP3 ni kichwa ngumu: yenye lebo mwanzoni huanza na ID3, isiyo nayo huingia moja kwa moja kwenye fremu, yaani kipande cha sauti, mara nyingi FF FB.

Kama fomati yako haina utambulisho, sema haina, usibuni wa kujazia nafasi. Ila kama bado hujaitoa kwa watu, iongezee baiti nne leo.

Mengine ni mepesi. Kwenye usimbaji andika binary, kwenye matumizi COMMON (ya kawaida) au LIMITED USE (finyu). Kwenye usalama kuwa mkweli: RFC inakataza kuchanganya "hakuna hatari" na "hatari hazijachunguzwa". Eleza faili likidai urefu wa uongo programu inayolisoma ifanye nini. Weka kiungo cha maelezo ya fomati, na barua pepe unayoisoma kweli, maana maswali ya mkaguzi hupitia huko.

Ukikubaliwa, mabadiliko ya baadaye huombwa kwa njia hiyo hiyo na yule uliyemtaja kuwa msimamizi wa usajili. Kufuta hakupo. Fomati iliyoachwa hubaki daftarini na alama ya OBSOLETE (imepitwa na wakati).