Waifai imejaa lakini hamna intaneti: jinsi ya kujua kama shida ni IP au ni DNS

Kwanza kabisa naomba usichukue pini ukabonyeza kile kitundu cha reset nyuma ya ruta. Naanza na hilo kwa sababu nimeona majirani wengi wanakimbilia hapo, na ile reset inafuta kila kitu pamoja na jina na pasiwedi ya PPPoE (ile ruta inayotumia kuingia kwenye mtandao wa kampuni) ambayo fundi aliiweka siku anafunga faiba, sasa shida iliyokuwa ya dakika mbili inageuka siku mbili tatu za kumsubiri fundi. Kuzima na kuwasha sawa, kuriseti hapana, ni vitu viwili tofauti.

Haya. Simu inaonyesha waifai imejaa ila WhatsApp inazunguka tu na brauza inasema haioni tovuti. Kwa macho ni shida moja, lakini ndani zinaweza kuwa mbili na dawa zake haziingiliani. Ya kwanza, kifaa chako hakina IP, yaani namba yake kwenye mtandao, au kilikuwa nayo muda ukaisha kikashindwa kuomba upya. Ya pili, IP ipo na njia ya kutoka nje ipo ila DNS haijibu.

IP ya nyumbani huwa ni ya kupanga, sio yako. Ruta ndio mwenye nyumba, ndani yake kuna kitu kinaitwa DHCP kinagawa namba kwa kila simu na laptopu inayoingia, na kila namba ina mkataba wa muda, ruta nyingi zinakuja zimewekwa masaa 24. Mkataba ukifika nusu kifaa chenyewe kinamfuata mwenye nyumba kimya kimya kuomba kuongezewa, asipojibu kinarudi tena, ikifika asilimia 87.5 ya muda kinaanza kuuliza yeyote anayegawa namba kwenye huo mtandao, na muda ukiisha bila jibu inabidi kihame. Ndio maana mwingine analalamika intaneti yake inakata kila siku karibu saa ile ile, anadhani kampuni inamfanyia makusudi kumbe ni mkataba haujaongezwa.

DNS yenyewe ndio inayogeuza jina la tovuti kuwa namba yake, ichukulie kama kijiwe cha boda. Barabara nzuri, pikipiki ina mafuta, unamwambia dereva nipeleke kwa Mama Rehema wa chapati, yeye hapajui, inabidi aulize kijiweni. Kijiwe kikiwa kitupu hamfiki ingawa barabara haina hata shimo moja. Na kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba namba ya hicho kijiwe inakuja kwenye mkataba ule ule wa IP, yaani DHCP ikikupa IP inakupa hapo hapo na gateway (mlango wa kutokea nje, nyumbani ni ruta yenyewe) na DNS za kutumia. Kwahiyo hizi shida ni ndugu, ukigusa moja angalia na nyingine.

Kabla hujagusa setingi yoyote jiulize, ni kifaa kimoja au vyote? Kama simu ya mwenzako inapeta na yako tu ndio imegoma, ruta haina kosa, shughulika na simu yako. Kama vyote vimegoma angalia kifurushi kwanza, maana kuna watoa huduma ambao kifurushi kikiisha hawakukatii moja kwa moja, kila tovuti unayofungua wanakupeleka kwenye ukurasa wa kulipia, afu brauza inaanza kulalamika mambo ya usalama na cheti, we unahisi DNS imeharibika. Angalia pia kiboksi cha faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu waya umekatika au umekunjwa mahali, hapo funga laptopu upige simu kwa kampuni, hakuna komandi itakayokusaidia.

Taa ziko sawa? Chukua laptopu ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, afu andika

ipconfig /all

Tafuta mstari wa IPv4 Address. Ukikuta 192.168 kitu au 10 kitu, umepata namba. Ukikuta inaanza na 169.254, hiyo laptopu imejipa yenyewe baada ya kuomba ikakosa wa kuijibu, kwahiyo shida ni DHCP na usipoteze muda na DNS. Kwenye Android utaona imeganda kwenye Obtaining IP address, au inaunganika na kutoka.

Kama namba ipo, piga ping tatu, yaani kubisha hodi uone kama unajibiwa, kwa mpangilio huu huu, usiruke:

ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping wikipedia.org

Hiyo ya kwanza weka namba ya Default Gateway uliyoiona kule juu, inaweza isiwe hiyo yangu, ya pili ni seva ya Google huko nje. Ikigoma ya kwanza, hujafika hata kwenye ruta yako. Ya kwanza ikajibu ya pili ikagoma, ruta ipo ila haitoki nje. Mbili za kwanza zikajibu ya tatu ikasema "could not find host", hongera umeshampata mhusika, ni DNS. Ping hizi tatu zimeniokolea muda kuliko kitu kingine chochote kwenye haya mambo.

Tuanze na IP. Dawa ya haraka ni hizi mbili

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ya kwanza inarudisha chumba, ya pili inaomba upya. Kwenye simu sahau ule mtandao wa waifai afu uingie tena na pasiwedi. Kama renew inakaa muda mrefu mwishoni inasema "unable to contact your DHCP server", angalia kama kuna mtu aliwahi kuandika IP kwa mkono kwenye hiyo laptopu, hii ipo sana kwa laptopu za ofisini zinazoletwa nyumbani, ingia kwenye setingi za mtandao urudishe Automatic.

Kama ni vifaa vingi vinakosa namba, hesabu watu. Nyumba za wapangaji hizi waifai moja vyumba nane, ruta imepangwa igawe kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.120, hizo ni namba 21 tu, sasa kila mtu ana simu, wengine mbili, tv, laptopu, afu jumamosi wanakuja wageni wanaunganisha wanaondoka, lakini mgeni akiondoka namba yake bado inahesabika imechukuliwa mpaka mkataba uishe kesho. Ingia kwenye ruta kwa brauza, tafuta sehemu ya DHCP, panua ifike mpaka 254 na upunguze muda wa mkataba uwe masaa mawili matatu. Ruta zingine zinaandika muda kwa sekunde, 86400 ndio siku nzima, zingine kwa dakika, 1440, soma vizuri kabla hujaseivu.

Umeme ukikatika ukarudi nao una mambo yake. Ruta nyingi za nyumbani daftari lao la nani kapewa namba gani linapotea zikizima, zikiwaka zinaanza upya, wakati huo simu yako bado inashikilia namba ya asubuhi, ruta inaweza kumpa mwingine namba ile ile na mnaanza kugombania. Zima waifai ya simu uiwashe, kawaida inaisha hapo. Lingine, umeme ukirudi kiboksi cha faiba na ruta vinawaka pamoja, ruta inaomba IP ya nje kabla faiba haijawa tayari, inakosa, na zingine zinachelewa sana kuomba tena. Chomoa vyote, washa faiba kwanza, subiri taa ya PON, ile inayoonyesha faiba imeshika, itulie, kama dakika mbili hivi, ndio uwashe ruta.

Iliyonitesa mimi mwenyewe ilikuwa ya ruta mbili. Nilichukua ruta ya zamani nikaichomeka uani ili vyumba vya nyuma vipate waifai, waya kutoka tundu la LAN kwenda tundu la LAN, ikafanya kazi vizuri siku ile, kesho yake nusu ya nyumba haina intaneti na nusu inayo, na walio nayo wanabadilika badilika. Siku tatu nahangaika. Kumbe ile ya zamani nayo ilikuwa inagawa namba zake, wenye nyumba wawili kwenye kiwanja kimoja, kifaa kikiomba anayejibu wa kwanza ndio anachukua mpangaji, na wa uani alikuwa anatoa 192.168.0 na gateway ambayo haiendi popote. Ukitaka kulijua hili angalia mstari wa DHCP Server kwenye ipconfig /all za vifaa viwili vitatu, zikitofautiana ndio hiyo. Dawa ni kuzima DHCP kwenye ruta ya pili na kuipa IP isiyogongana na ya kwanza, mfano 192.168.1.2, na hiyo namba iwe nje ya zile zinazogawiwa.

Sasa DNS. Andika

nslookup bbc.com
nslookup bbc.com 1.1.1.1

Ya kwanza inauliza kijiwe ulichopewa, ya pili inauliza kijiwe cha Cloudflare. Ya pili ikijibu na ya kwanza ikigoma, DNS uliyopewa ndio mbovu. Weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye ruta yenyewe, kwenye ile ile sehemu ya DHCP, kuliko kuzunguka simu moja moja. Halafu hapa ndio watu wanakwama, wanabadilisha wanaseivu wanajaribu haifanyi kazi wanasema uongo. Vifaa bado vina mkataba wa zamani wenye DNS ya zamani! Lazima vifanye renew, au zima waifai uwashe, ndio vipate mpya. Kwenye Windows malizia na

ipconfig /flushdns

ili ifute majibu ya zamani iliyoyakariri. Kwenye simu za Android kuanzia toleo la 9 kuna setingi inaitwa Private DNS, watu wanaandika humo jina la seva ya kuzuia matangazo wanasahau, siku ile seva ikilala simu nzima inakosa intaneti kwenye waifai na kwenye bando pia, rudisha Automatic. Na angalia tarehe ya simu, ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa hiyo Private DNS inakataa kwa sababu cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika.

Ukikuta kwenye ruta kuna namba za DNS ambazo hukuziweka wewe wala kampuni, usizipuuze. Virusi vya DNSChanger vilifanya hivyo kwenye kompyuta kama milioni 4, vikawa vinapeleka watu kwenye seva za wezi, na FBI walipozima seva za muda zilizokuwa zimewekwa badala yake tarehe 9 Julai 2012, waliokuwa bado hawajasafisha kompyuta zao walipoteza intaneti. Badilisha pasiwedi ya ruta, ile admin admin kila mtu anaijua.

Na kuna siku shida haiko kwako kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea dunia nzima kwa masaa kama sita kwa sababu seva zao za DNS hazikufikika, na mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania, Kenya na Uganda intaneti ikawa ya kusuasua. Kama mtaa mzima unalia na ping ya gateway yako inajibu vizuri, acha ruta ipumzike.

Ukifika kumpigia fundi usimwambie tu intaneti haipo. Mwambie taa ya PON imetulia, nimepata IP hii, gateway inajibu, 8.8.8.8 haijibu, imeanza saa fulani. Atakuelewa haraka na hatakwambia tena uzime uwashe.