Somo: Kumfuatilia mbawakawa wa majani ya maharage, kuanzia mvua za kwanza hadi baada ya mavuno

Kila mwaka masika yanapoanza katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, maharage yakiwa bado machanga, hutokea mbawakawa wadogo wenye rangi ya chungwa inayong'aa ambao huyatoboa majani matundu mengi, kiasi kwamba katika siku chache miche ya upande mmoja wa shamba huweza kubakia na mishipa ya majani tu. Wakulima wengi husema kwamba wadudu hao huletwa na mvua. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa mvua ndiyo inayowatoa walikojificha. Lakini wengi wao wametoka katika udongo wa shamba lile lile, au la jirani, lililokuwa na maharage msimu uliopita. Somo hili linaeleza namna ya kulithibitisha jambo hilo kwa macho yako mwenyewe, na kwa nini wakati mzuri wa kumpiga mdudu huyu ni ule ambao haonekani kabisa.

Mbawakawa tunayemzungumzia ni wa jenasi ya Ootheca. Spishi zake mbili zinazotajwa zaidi katika maharage na kunde Afrika Mashariki ni Ootheca bennigseni na Ootheca mutabilis. Yumo katika familia ya Chrysomelidae, yaani mbawakawa wa majani, ambayo ina zaidi ya spishi 35,000 zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi. Wote hupitia hatua nne za maisha: yai, lava (mtoto anayetoka kwenye yai), pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu mzima) na mdudu kamili. Wanachotofautiana ni mahali lava anapoishi na kula. Lava wa mbawakawa wa viazi wa Colorado hula majani hadharani pamoja na wazazi wake. Wengine huchimba njia ndani ya jani. Na wengine, kama huyu wa maharage, huishi chini ya ardhi wakila mizizi.

Hatua ya kwanza: mtambue mdudu kamili

Nenda shambani asubuhi mapema, kabla jua halijapasha joto, kwa sababu wakati huo mbawakawa huwa wazito na hawaruki upesi. Tafuta mdudu mwenye umbo la yai, urefu wa takriban milimita 6, mwenye mgongo laini unaong'aa na papasi mbili nyembamba kichwani. Rangi isikudanganye: wengi ni wa chungwa au kahawia, lakini wapo weusi, na wapo wenye rangi mbili katika mwili mmoja. Wengine humchanganya na yule mbawakawa mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi anayekula vidukari, naye ni rafiki wa mkulima asiyestahili kuuawa. Ukiwa na shaka, mwangalie anachofanya: wa maharage utamkuta akitafuna jani, yule mwingine utamkuta akizunguka penye vidukari.

Hatua ya pili: soma matundu

Mbawakawa huyu hutoboa jani katikati ya mishipa na kuacha matundu madogo ya mviringo, tofauti na panzi, ambaye kwa kawaida hula kuanzia ukingoni. Andika tarehe ya mvua ya kwanza kubwa, tarehe ya kuota kwa maharage na tarehe ulipoona tundu la kwanza. Tarehe hizo tatu zitakufaa mwaka ujao kuliko dawa yoyote ya dukani, kwa sababu zitakuonyesha ni lini hasa mbawakawa wa shamba lako huibuka.

Hatua ya tatu: tafuta mayai

Jike akishakula kwa siku kadhaa na kupandwa na dume, hushuka chini na kutaga mayai yake kwa mafungu kwenye udongo ulio karibu na shina, sentimita chache tu kutoka juu. Katika maisha yake jike mmoja huweza kutaga mamia ya mayai. Ni madogo, ya manjano iliyopauka, na kwa mtu asiyezoea hufanana na chembe za mchanga. Kwa hiyo chota udongo wa kuzunguka shina kwa kijiko, uutandaze juu ya karatasi nyeusi na utumie kioo cha kukuzia. Mayai huanguliwa baada ya muda unaokaribia wiki mbili.

Hatua ya nne: chimba umtafute lava

Hapa ndipo penye madhara ambayo wengi hawayaoni. Mbawakawa wa majanini wameanza kupungua, mkulima ameridhika, maharage yametoa majani mapya, na kumbe chini ya ardhi lava wanatafuna mizizi midogo pamoja na vinundu ambavyo bakteria wake huupatia mmea naitrojeni. Lava ana rangi nyeupe inayoelekea manjano, ana kichwa kigumu cha kahawia na jozi tatu za miguu mifupi nyuma ya kichwa. Miguu hiyo ni alama muhimu, kwa kuwa funza wa inzi hawana miguu kabisa.

Chagua mimea iliyodumaa au iliyoanza kugeuka njano mapema, uizungushie jembe kwa mbali kidogo, uinue bonge zima la udongo bila kung'oa mmea, kisha ulivunje taratibu juu ya gunia au turubai. Fanya hivyo pia kwa mmea wenye afya ili upate kulinganisha. Mmea ulioshambuliwa utauona mizizi yake ya pembeni imeliwa, vinundu vichache, na mara nyingi lava wenyewe wamo kwenye bonge. Mmea wa namna hiyo hunyauka mchana hata udongo ukiwa na unyevu, hukomaa kabla ya wakati na hutoa maganda machache yenye punje zilizosinyaa. Mavuno yakiwa duni, lawama hupewa mvua au mbegu.

Lava hukua kwa muda wa takriban mwezi mmoja na nusu, akijivua ngozi kila mwili unapokua.

Hatua ya tano: mtafute pupa, kisha mdudu anayesubiri

Lava aliyeshiba hujitengenezea chumba kidogo cha udongo na kugeuka pupa ndani yake. Pupa ni mweupe, hali wala hatembei, na ukimwangalia vizuri utaona miguu, papasi na mbawa zimekunjwa kifuani. Baada ya wiki mbili hadi tatu hutoka mdudu kamili. Ningependa kila msomaji aizingatie sana hatua inayofuata: mdudu huyo hapandi juu. Ana mbawa, ana meno, na pengine mimea ya maharage ingali imesimama juu yake. Hata hivyo hubaki udongoni katika hali ya kupumzika, akitumia akiba ya mafuta ya mwili wake, akingoja mvua za msimu ujao.

Hesabu mwenyewe. Katika nyanda za kaskazini mwa Tanzania mbawakawa huyu ana kizazi kimoja tu kwa mwaka. Huonekana kwenye majani kwa wiki chache za mwanzo wa masika, na muda wote uliobaki, akiwa yai, lava, pupa au mdudu anayesubiri, yumo ardhini. Mkulima anayepambana naye juu ya majani peke yake ameiachia sehemu kubwa ya maisha ya adui yake ipite salama. Ili kuyathibitisha haya, rudi katika shamba lililovunwa wakati wa kiangazi, uchimbe hadi kina cha sentimita 30 mahali palipokuwa na mimea iliyodumaa, na uupekue udongo polepole. Utawakuta mbawakawa wazima, wametulia vyumbani mwao. Ukiwaweka kiganjani wakapata joto, wataanza kutembea.

Hatua ya sita: mfuge katika chupa

Vikundi vya wakulima na shule za msingi zinaweza kuifanya hatua hii kwa gharama ndogo. Chukua chupa pana ya kioo, ujaze nusu yake udongo uliochekechwa na wenye unyevu wa wastani, upande mbegu chache za maharage, na zikishaota uwaweke mbawakawa kadhaa, madume na majike, kisha ufunge mdomo kwa kitambaa cha chandarua. Zungushia sehemu ya udongo karatasi nyeusi, kwa sababu lava hukimbia mwanga. Ukiiondoa kwa muda mfupi utawaona wakipita kando ya kioo. Usimwagilie maji mengi, kwani mayai huoza.

Hatua ya saba: ukate mzunguko

Katika Wilaya ya Hai, wakulima waliofanya kazi bega kwa bega na watafiti wa maharage walianza kwa kujifunza mzunguko huu, na mbinu walizozijaribu zinatokana nao moja kwa moja. Ya kwanza ni kulitifua shamba mara baada ya mavuno, kwa jembe la mkono au plau, ili vyumba vya udongo vivunjwe na mbawakawa wanaosubiri wafe kwa jua, ukavu, ndege na kuku. Ya pili ni kubadilisha mazao: lava wa mbawakawa huyu hutegemea mizizi ya jamii ya kunde, hivyo mayai yakitagwa mahali palipo na mahindi au alizeti, watakaoanguliwa hawatapata chakula. Ya tatu ni kuchelewesha kupanda kidogo ili mbawakawa waibuke wakati hakuna maharage machanga, ingawa penye mvua fupi mimi siishauri, kwa kuwa hasara ya mvua huweza kuzidi hasara ya mdudu.

Kwa wale waliokwisha kuibuka, okota kwa mkono asubuhi katika eneo dogo, au tumia mwarobaini: gramu 50 za unga wa kokwa katika kila lita 1 ya maji, ilazwe usiku kucha, ichujwe kwa kitambaa, ipulizwe jioni kwa sababu jua huiharibu upesi.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilipiga dawa na mbawakawa wote wakafa, lakini baada ya mwezi mmoja maharage yakawa ya njano. Je, niliuziwa dawa isiyofaa?

Jibu: Marahaba. Ikiwa mbawakawa walikufa, dawa ilifanya kazi yake. Huenda majike walikuwa wamekwisha kutaga kabla hujapiga, na dawa ya majani haiwafikii lava walio mizizini. Hata hivyo, usiamue kabla ya kuchimba. Ukikuta shina limevimba na kupasuka usawa wa udongo, na ndani yake mna pupa wadogo wa kahawia, huyo ni inzi wa maharage. Ukikuta mizizi imekuwa ya kahawia na laini bila mdudu yeyote, huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Kila tatizo lina tiba yake.

Swali: Sisi huku Lushoto tunalima kwenye miteremko. Tukitifua baada ya mavuno na kuuacha udongo wazi, si mvua itauchukua wote?

Jibu: Hofu yako ni ya haki, na kwenye mteremko mkali naiona ni kubwa kuliko faida. Chimba kwanza mashimo machache ya kupimia. Mahali ambapo hukuti mbawakawa, usipaguse. Panapoonekana wengi, tifua kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, ndani ya matuta yenye kingo za majani, mapema wakati wa ukavu, kisha urudishe mabaki ya mazao juu ya udongo kabla ya mvua. Sehemu nyingine zote tegemea kubadilisha mazao.

Swali: Ninapanda maharage pamoja na mahindi katika shamba moja kila mwaka. Je, huko si kubadilisha mazao?

Jibu: La, ndugu yangu. Kilimo mseto kina faida nyingi, lakini mizizi ya maharage ipo pale pale kila mwaka, na lava hupata chakula chake. Kinachotakiwa ni msimu mzima usio na maharage wala kunde katika kipande hicho. Kwa kuwa mbawakawa huruka, zungumza na majirani mpange pamoja. Shamba moja lililobadilishwa katikati ya mashamba yasiyobadilishwa hupata nafuu ndogo.

Swali: Kwenye mpunga wetu wa Kilombero kuna mdudu mweusi mwenye miiba mgongoni, anayeacha mistari myeupe. Je, ni ndugu wa huyu?

Jibu: Ni ndugu wa familia moja, na kwa maelezo yako anafanana na Trichispa sericea. Maisha yake ni tofauti: jike hulitumbukiza yai ndani ya jani, lava hula akiwa katikati ya ngozi mbili za jani, na pupa humo humo, kwa hiyo kutifua udongo hakumgusi. Kata na uchome majani yenye mabaka ya lava, na usizidishe mbolea ya naitrojeni. Mchunge sana, kwani ni miongoni mwa wadudu wanaoeneza virusi vya kimyanga, ugonjwa wa mpunga unaogeuza majani kuwa ya njano, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya karibu na Kisumu mwaka 1966.

Swali: Majani yakiwa yametobolewa kiasi gani ndipo nichukue hatua?

Jibu: Uangalie umri wa mmea kabla ya kuhesabu matundu. Maharage yaliyokwisha kutoa majani mengi huvumilia kuliwa sehemu ya majani bila mavuno kupungua sana, lakini miche ya wiki mbili au tatu za mwanzo haina akiba. Katika kipindi hicho kagua kila baada ya siku mbili, na ukiona mbawakawa wanaongezeka, usingoje, hasa kwa kuwa kila jike unayemuondoa kabla hajataga hupunguza lava wa mwezi ujao. Maua yakishatoka, acha kupuliza dawa kali, kwa sababu nyuki wamo shambani.

Swali: Na kwa upande wa kunde, madhara ni yale yale?

Jibu: Ni yale yale, na zaidi ya hayo Ootheca mutabilis hubeba virusi vya batobato ya kunde kinywani mwake anapotoka mmea mgonjwa kwenda mmea mzima. Kwa hiyo katika kunde ng'oa mapema mimea yenye majani ya mabaka ya kijani na njano, hata kama mbawakawa ni wachache.