Kamera nane kwenye kompyuta ya zamani: jinsi ya kuipunguzia mzigo

Kabla hujanunua kompyuta mpya kwa sababu uliyonayo inazidiwa na kamera, jaribu haya kwanza. Nahudumia mifumo ya kamera za majumbani, na kwangu mwenyewe kamera nane zinaendeshwa na kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini: prosesa ya Core i5-6500 yenye viini vinne, ram ya GB 8, SSD ndogo ya Windows na diski ya TB 4 ya kurekodia. Programu ya kutazama na kurekodi kamera ni Blue Iris, ya Windows. Kabla ya marekebisho, prosesa ilishinda juu ya asilimia 80, feni ikivuma usiku kucha na picha zikirukaruka. Sasa inakaa chini ya asilimia 20, na vifaa ni vilevile.

Mzigo unatoka wapi hasa? Video inafika kwenye kompyuta ikiwa imebanwa kwa mtindo wa H.264 au H.265. Kuichukua jinsi ilivyo na kuiandika kwenye diski ni kazi nyepesi sana. Kazi nzito ni kuisimbua, yaani kuifungua irudi kuwa picha, kama king'amuzi cha televisheni kinavyofanya. Programu ikitaka kukuonyesha kamera kwenye skrini, au kuchunguza kama kuna kilichosogea, lazima isimbue kwanza.

Piga hesabu. Kamera ya 2560 kwa 1440 ina pikseli 3,686,400 kwenye kila fremu. Kwa fremu 15 kwa sekunde, hizo ni pikseli milioni 55 kila sekunde. Kamera nane zinavuka milioni 440. Prosesa inazifungua zote, mchana na usiku, hata pale ambapo hakuna anayetazama na hakuna kilichopita ila kivuli cha mti. Hapo ndipo pa kukata.

Mkondo mdogo

Karibu kila kamera ya mtandao inayouzwa siku hizi hutoa mikondo miwili kwa pamoja. Mkondo mkuu una picha kamili. Mkondo mdogo una picha ileile iliyopunguzwa, kwa mfano 640 kwa 360. Huo mdogo una pikseli 230,400 kwa fremu, yaani sehemu 1 kati ya 16 ya ule mkuu. Programu ikitumia mkondo mdogo kuonyesha kamera zote kwenye skrini na kuchunguza mwendo, huku ikiandika mkondo mkuu kwenye diski bila kuufungua, zile milioni 440 zinashuka hadi kama milioni 28. Ukifanya hili peke yake na kuacha mengine yote, bado utakuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi.

Anzia kwenye kamera yenyewe. Fungua ukurasa wake wa mipangilio kwa kivinjari, nenda sehemu ya video, hakikisha mkondo mdogo umewashwa, kisha linganisha mambo mawili. Kwanza, idadi ya fremu kwa sekunde iwe sawa kwenye mikondo yote miwili. Mimi naweka 15. Mtu anayetembea, hata anayekimbia, anaonekana vizuri kwa fremu 15, na ukipandisha hadi 30 unaongeza mzigo maradufu bila kupata sura iliyo wazi zaidi. Pili, fremu kamili ije kila sekunde. Nifafanue, kwa sababu watu wengi huruka mpangilio huu: video iliyobanwa haina picha nzima kwenye kila fremu. Ipo fremu kamili, halafu zinafuata fremu zinazoeleza kilichobadilika tu, hadi fremu kamili nyingine. Kama kamera inatoa fremu 15 kwa sekunde, weka umbali kati ya fremu kamili uwe 15. Ukiiacha kwenye 60 au zaidi, picha itachelewa kufunguka ukiigusa, na rekodi inaweza kuanza baada ya mtu kuwa ameshapita nusu ya uwanja.

Kwa sababu hiyohiyo, zima ile hali ya kubana kwa akili ambayo watengenezaji huiandika H.264+ au H.265+. Inaokoa nafasi ya diski, lakini inasogeza fremu kamili mbali mbali kadiri kamera inavyoona inafaa, na programu nyingi za kurekodi hazielewani nayo vizuri.

Sasa rudi kwenye programu. Ndani ya Blue Iris, fungua mipangilio ya kila kamera, nenda kwenye sehemu ya video, na pale unapojaza anwani ya mkondo mkuu utaona nafasi ya kujaza mkondo mdogo pia. Ukimaliza, nenda sehemu ya kurekodi na uchague kuandika moja kwa moja kwenye diski, "direct to disc". Wengi wanajaza mkondo mdogo na kusahau hatua hii ya pili, kisha wanashangaa mashine bado inahema: programu inafungua video, inaibana upya, ndipo inaiandika. Kubana upya ni kuzito kuliko kufungua. Angalia pia kama programu inachapa saa na jina la kamera juu ya rekodi, maana kufanya hivyo kunalazimisha video ibanwe upya. Kazi ya kuchapa saa iachie kamera.

Ikiwa una kamera ya zamani isiyo na mkondo mdogo, ipo alama ya kuweka tiki iliyoandikwa "Limit decoding unless required". Programu itafungua fremu kamili tu hadi kitu kitokee au mtu atazame. Hapo utaona faida ya kuweka fremu kamili kila sekunde.

Wanaotumia Frigate, programu nyingine ya kurekodi kamera inayofanya kazi vizuri zaidi kwenye Linux, wanafuata mantiki ileile: kwenye faili la mipangilio, mkondo mdogo unapewa jukumu la kutambua na mkondo mkuu jukumu la kurekodi. Kwa kutambua, fremu 5 kwa sekunde zinatosha.

Chipu ya picha na prosesa

Prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ya kusimbua video iitwayo Quick Sync, iliyoanza mwaka 2011. Kuanzia kizazi cha sita, cha mwaka 2015, kama i5-6500 yangu, sehemu hiyo inafungua na H.265 ya kawaida pia. Kwa hiyo ukitafuta kompyuta iliyotumika kwa kazi hii, kizazi cha sita ndiyo sakafu yangu. Kuwa makini na prosesa ambazo namba zake zinaishia na herufi F, kwa sababu hazina chipu ya picha ndani na Quick Sync haimo. Na kama umechomeka kadi ya picha pembeni, mara nyingine BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) huizima chipu ya ndani, hivyo ingia uiwashe.

Kwa vile chipu ya ndani inakopa ram ya kompyuta, vipande viwili vya GB 4 vinafanya kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha GB 8, maana ram husomwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ni badiliko dogo ambalo wengi hawalifikirii.

Lakini mpangilio ni muhimu: mkondo mdogo kwanza, Quick Sync baadaye. Ukishaweka mikondo midogo, mzigo uliobaki ni mwepesi kiasi kwamba Quick Sync huongeza kidogo tu. Ikikuletea picha za kijani au programu kuzimika yenyewe, izime bila wasiwasi na prosesa itamudu.

Kuhusu akili mnemba ya kutofautisha mtu na paka: usiiache ichunguze kila fremu. Iamshwe na mwendo tu, nayo ipewe fremu chache. Kamera zako zikiwa na uwezo wa kutambua watu zenyewe, zitumie hizo kuiarifu programu, kompyuta ipumzike. Na kwenye Frigate, usitegemee prosesa tupu kwa kazi hiyo. Tumia OpenVINO, programu ya Intel ya kuendesha akili mnemba, kwenye chipu ya picha ya Intel, au Coral, kifaa kidogo cha kuharakisha akili mnemba, kama tayari unacho.

Diski

Watu hunijia wakitaka kununua SSD kubwa ya kurekodia kwa kuamini diski ya kawaida ni ya polepole. Kamera moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde, hiyo ni nusu megabaiti, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kamera nane ni megabaiti 4 kwa sekunde. Diski yoyote ya kawaida iliyo nzima inaandika kasi mara nyingi zaidi ya hiyo. SSD iweke kwa ajili ya Windows, programu na orodha ya matukio inayosomwa kila wakati. Rekodi ziende kwenye diski kubwa ya peke yake, na kamwe zisikae pamoja na Windows: rekodi zikijaza diski ya mfumo, kompyuta nzima inakwama.

Hesabu ya nafasi inatoka humohumo. Megabiti 4 kwa sekunde ni GB 43 kwa siku kwa kamera moja, GB 346 kwa nane. Diski ya TB 4 itakupa kama siku 11 za kurekodi bila kukoma. Weka kikomo kwenye programu ili ianze kufuta za zamani kabla diski haijajaa kabisa. Diski zilizotengenezwa kwa kamera, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, zinafaa kwa sababu zimekusudiwa kuandika saa 24.

Windows

Programu ya kuzuia virusi inakagua kila faili jipya, na kamera zinaandika bila kupumzika. Iambie iruke folda ya rekodi, hiyo folda tu, usiizime yote. Ondoa folda hiyo kwenye uorodheshaji wa utafutaji wa Windows na kwenye huduma yoyote ya kunakili mafaili mtandaoni. Zuia kompyuta isilale. Panga saa ambazo Windows haitajiwasha upya kwa masasisho. Endesha programu ya kamera kama huduma ya mfumo, ili ianze hata kabla mtu hajaingiza nywila, na ukishamaliza kutazama funga dirisha lake. Dirisha lenye kamera nane likiachwa wazi kwenye skrini isiyotazamwa linakula prosesa bure.

Saa ya kompyuta na saa za kamera zifuate chanzo kimoja. Tukio likitokea na kamera mbili zikatofautiana dakika tatu, utaumia kichwa kupanga nini kilitangulia.

Mtandao

Tumia waya. Megabiti 32 za kamera nane ni chache kwa kebo, lakini kwenye Wi-Fi kamera zote zinagombea hewa moja, na picha zikikatika utadhani kompyuta ndiyo mbovu. Swichi ya PoE inapeleka umeme na data kwenye kebo moja, na ukiiunganisha na UPS (betri ya akiba) pamoja na kompyuta, kamera zinaendelea umeme ukikatika.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usifungue mlango (port) kwenye ruta ili utazame kamera ukiwa mbali. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vifaa vingine vingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kisha ikavitumia kushambulia Dyn, kampuni iliyohudumia majina ya tovuti, na kuangusha tovuti kubwa. Badilisha nywila ya kila kamera, zima UPnP (inayoruhusu vifaa kufungua milango vyenyewe) kwenye ruta, zuia kamera zisitoke kwenda intaneti, na ukiwa mbali ingia nyumbani kwa VPN, yaani njia iliyofichwa ya kufikia mtandao wako, kama WireGuard. Picha za watoto wako wakicheza uani ni zako peke yako.

Kupima

Badilisha jambo moja, subiri, kisha fungua Task Manager uangalie prosesa na, kwenye sehemu ya GPU (chipu ya picha), mchoro wa usimbuaji wa video. Pima mchana, na pima usiku pia. Gizani picha hujaa chengachenga, na chengachenga ni ngumu kubana, hivyo megabiti hupanda. Mfumo unaotulia saa sita mchana unaweza kuyumba saa sita usiku. Ikitokea hivyo, wekea kamera kikomo cha megabiti, na uongeze mwanga kidogo nje.

Mwisho ingia BIOS, sehemu ya umeme, uweke kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Kisha zima kompyuta kwa utaratibu, chomoa waya wake wa umeme, urudishe bila kubonyeza kitufe chochote. Pita mbele ya kila kamera, halafu tafuta rekodi zako kwenye simu. Rudia jaribio hili kila baada ya sasisho kubwa la Windows au la programu ya kamera, kwa sababu mipangilio ya kulala na ya kuanza yenyewe huweza kubadilika bila kukuaga.