SOMO: Kampuni imechukua programu huria ikaifungia na kuiuza, tunafanyaje? Hatua kwa hatua

Mbukwenyi wakuu.

Naona vijana wa CIVE, ndaki ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na mafundi wa mtandao hapa mjini wanalalamika kitu kilekile, kampuni inachukua programu huria (ile ambayo leseni yake inaruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza), inafuta majina ya walioiandika, inabandika nembo yake alafu inauza kama imeitunga yenyewe, ukiomba sosi kodi (yale maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watunzi wake, ntaita sosi tu) unaambiwa ni siri ya biashara. Malalamiko yanaishia kwenye magrupu ya Wasapu, watu wanatukana weee alafu kimya. Mimi nasema hili jambo linashughulikika, leseni zenyewe zimeshatupa nguvu, ila zinataka mtu mwenye ushahidi na subira. Na lengo ni sosi itoke, sio kuifilisi kampuni ya mtu.

HATUA YA 1: Hakikisha kweli kuna kosa

Hapa ndo wengi wanateleza. Kuuza programu huria sio kosa, hata kwa milioni kumi, leseni inaruhusu. Kampuni kuichukua, kuibadilisha na kuitumia ndani ya ofisi yake bila kumpa mtu wa nje nayo sio kosa. Kosa linaanza pale inapokupa wewe nakala bila kutimiza masharti.

Masharti yanategemea leseni. Leseni za MIT na BSD zinataka kidogo tu, acha majina ya wenye hakimiliki na maneno ya leseni yabaki. Leseni ya GPL inataka zaidi, ukimpa mtu programu umpe na sosi yake. GPL toleo la 2 ni ya 1991 na ndo inayolinda keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) na BusyBox (mkusanyiko wa zana ndogondogo za Linux), hizi mbili utazikuta kwenye ruta nyingi, ving'amuzi na kamera za ulinzi. Inasema sosi ije pamoja na programu, au iwepo ahadi ya maandishi inayodumu si chini ya miaka 3 kwamba yeyote akiiomba atapewa. Toleo la 3 lilitoka 2007, na mwaka huohuo ikatoka AGPL toleo la 3, ndugu yake GPL, ambayo inabana hata mfumo unaotumika kupitia intaneti tu, yaani wakishaubadilisha, mtumiaji wa mtandaoni lazima apewe njia ya kuipata hiyo sosi. Kwahiyo mfumo wa shule ulio kwenye sava ya kampuni, kama chini yake ni GPL ya kawaida na wewe unaingia kwa brauza tu, huna dai la sosi. Kama ni AGPL unalo. Soma leseni kabla hujapiga kelele.

HATUA YA 2: Kusanya ushahidi

Anza na vitu vya kawaida, risiti, picha ya boksi, modeli, kile kikaratasi cha ndani, na ukurasa wa mambo ya kisheria kwenye menyu. Wakati mwingine ile ahadi ya sosi imeandikwa palepale kwa herufi ndogo na ungemwonea mtu bure.

Kama haipo, pakua programu dhibiti (ile inayoendesha kifaa) kutoka websaiti ya mtengenezaji, ipitishe kwenye zana ya binwalk ikufungulie mafaili yaliyomo, alafu tumia zana ya strings inayochomoa maneno yanayosomeka, utafute maneno kama "BusyBox v1". Kwa mifumo ya websaiti angalia mafaili ya JavaScript, maoni ya madevelopa waliyoyasahau na ujumbe wa makosa. Neno lililokosewa spelingi na mwandishi wa kwanza, ukilikuta limekosewa vilevile kwenye mfumo wa kampuni, hilo ni gumu sana kulikana. Andika tarehe, toleo na hashi ya sha256 ya faili ulilopakua (namba ya utambulisho inayoonesha faili halijabadilishwa), na kurasa zao zihifadhi kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za mtandao, kabla hawajazibadilisha.

Naomba hili mlisikie vizuri. Chunguza kifaa ULICHONUNUA au programu uliyopewa kihalali. Usiingie kwenye sava ya shule au ya halmashauri kwa paswedi ya kuokota ili "upate ushahidi", Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itakukamata wewe na kampuni itabaki inacheka.

HATUA YA 3: Waombe, kwa maandishi na kwa heshima

Barua fupi inatosha:

"Tumenunua kifaa chenu modeli fulani, toleo fulani la programu dhibiti. Ndani yake kuna Linux na BusyBox zilizo chini ya GPL toleo la 2. Tunaomba sosi kamili ya programu hizo pamoja na skripti za kuzijengea na kuzisimika. Tunaomba jibu kabla ya tarehe fulani."

Usisahau hizo skripti, yaani maelekezo ya kuigeuza sosi iwe programu inayofanya kazi. Kuna kampuni zinakutumia zipu ya Linux ambayo ungeweza kuipakua mwenyewe, bila mabadiliko yao na bila njia ya kuijenga. Hiyo bado haijatimiza.

Kwanini heshima? Kwasababu mara nyingi aliyeuza hata hajui, kanunua kwa msambazaji ambaye naye kanunua kiwandani. Na GPL toleo la 3 yenyewe inamvumilia mkosaji wa mara ya kwanza, akijirekebisha ndani ya siku 30 tangu apewe taarifa na mwenye haki, haki zake zinarudi. Toleo la 2 halikuwa na huruma hiyo, ukikiuka tu leseni imekufa, ila Oktoba 2017 madevelopa wengi wa keneli ya Linux walitoa tamko kwamba nao watafuata uvumilivu wa toleo la 3.

HATUA YA 4: Wapate wenye hakimiliki

Wakikukalia kimya, fungua sosi ya mradi wa asili, angalia faili la AUTHORS (orodha ya waandishi), majina ya juu ya kila faili na historia ya git (kumbukumbu ya nani alibadilisha nini). Hao ndo wenye meno. Waandikie kwa faragha na ushahidi wako wote umepangwa vizuri. Zipo pia taasisi zinazosaidia, Free Software Foundation na Software Freedom Conservancy za Marekani. Mwaka 2015 taasisi hizo mbili zilichapisha kanuni za kusimamia GPL kwa njia ya kijamii, na kubwa ndani yake ni kwamba mahakama ni mlango wa mwisho na pesa isitangulie.

HATUA YA 5: Hadharani, na ikibidi mahakamani

Mnaosema haiwezekani, someni haya. 2003 watu waligundua Linux ndani ya ruta ya Linksys WRT54G, wakapiga kelele kwa hoja mpaka sosi ikatolewa, na kutokana na sosi hiyo 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta. Fundi yeyote hapa Dodoma aliyewahi kufufua ruta iliyotelekezwa na mtengenezaji kwa kuiwekea OpenWrt, anakula matunda ya kelele zile. 2004 hiyohiyo Harald Welte, developa wa Ujerumani, alipata amri ya mahakama ya Munich dhidi ya kampuni ya Sitecom kwa kukiuka GPL.

Ninayoipenda zaidi ni ya chesi. Stockfish ni injini huria (programu inayocheza chesi) ya GPL toleo la 3, inaandikwa na watu wa kujitolea. 2021 kampuni ya ChessBase ilikuwa inauza Fat Fritz 2 ambayo ndani yake ni Stockfish, wanunuzi hawakuelezwa haki zao ipasavyo. Waandishi wakaitangaza leseni ya kampuni imekwisha, Julai wakaenda mahakamani Munich. Novemba 2022 wakapatana, ChessBase ikakubali kutosambaza Stockfish kwa mwaka mzima na kuwa na afisa wa kusimamia leseni huria. Hapo wenye mradi walipata walichotaka hasa, kuheshimiwa kwa leseni.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kondoa: Mkuu nimenunua muonekano (theme) wa WordPress, ule mfumo wa kutengenezea websaiti, muuzaji kasema ni GPL ila nikimpa mwenzangu atanishtaki. Ni sahihi?

Jibu: Kama kweli ni GPL hawezi kukuzuia kumpa mwenzako, leseni hairuhusu kuongeza kizuizi. Anachoweza ni kumnyima mwenzako msaada na masasisho, hiyo ni huduma yake.

Mwanafunzi UDOM: Kaka, projekti yangu ya mwaka wa mwisho ina maktaba (kodi iliyoandikwa tayari na wengine) ya GPL na kuna mteja Singida anaitaka. Lazima niweke GitHub dunia nzima ione?

Jibu: Hapana mdogo wangu. Mpe mteja programu pamoja na sosi yake yote, chini ya GPL, umemaliza. Ila yeye akiamua kuisambaza usimkatalie.

Mdau wa Mpwapwa: Ofisi ya Hakimiliki inahusika au ni ya wasanii tu?

Jibu: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitaja na programu za kompyuta, kwahiyo sio ya wanamuziki peke yao. Ila dai ni la mwenye hakimiliki au wakala wake, ndo maana ya hatua ya 4. Swali la kama mnunuzi wa kawaida naye anaweza kudai, kwa kuwa leseni ililenga kumnufaisha, ndo Conservancy walilolipeleka mahakamani California 2021 dhidi ya Vizio, watengenezaji wa TV.

Mdau wa Nkuhungu: Si tunaziua kampuni zetu changa wenyewe?

Jibu: Ndugu, kampuni changa ndo inayofaidika zaidi na programu huria, imepewa bure kazi ya miaka mingi. Kinachoombwa ni kuacha majina ya watu na kumpa mteja sosi. Na kijana wa Dodoma akiandika kitu kizuri kesho, leseni hiihii ndo itamlinda dhidi ya kampuni kubwa.

Mdau (kaomba nisitaje anapotoka): Mimi nafanya kazi kwenye kampuni inayofanya hivi. Bosi anasema hakuna atakayejua.

Jibu: Dada, usivujishe sosi, utajiponza na GPL haikupi ruhusa hiyo. Anza na orodha ya vyote mlivyotumia na leseni zake, kama mnaandika kwa lugha ya PHP na mnatumia zana yake ya Composer, andika tu amri "composer licenses" itakutolea. Mpelekee bosi na njia mbili mkononi, kuwapa wateja sosi kama leseni inavyotaka, au kuiondoa sehemu yenye GPL na kuweka mbadala wenye MIT, huku majina ya waandishi yakirudishwa leo hiihii maana hiyo haina gharama. Muoneshe na yaliyowakuta ChessBase. Kama kuna leseni kwenye orodha hamuielewi weka jina lake hapa, tutaisoma pamoja.