Kabla Filimbi Haijalia: Mambo ya Kuandaa Kabla ya Msimu wa Michezo Sekondari

Msimu wa michezo ukikaribia, swali la kwanza katika ofisi ya walimu huwa moja: mipira ipo? La pili ni jezi. Sina ugomvi na maswali hayo, ila mpira unaweza kuazimwa hata saa moja kabla ya mechi, na jezi za mwaka jana zikifuliwa zinavalika. Yapo mambo mengine ambayo hayaazimwi, na mengi yake hayadai fedha, yanadai wiki tatu za kutangulia. Ndiyo maana katika daftari langu mpira nimeuandika mwisho.

Kwanza ni afya ya wanafunzi wenyewe. Mwaka mmoja niligawa fomu za afya kwa kidato cha pili asubuhi, mchana zikawa zimesharudi, arobaini na ushee, zote zimejazwa "hana tatizo" kwa mwandiko mmoja. Kiranja wa darasa alikuwa amenisaidia kazi. Wiki iliyofuata mmoja wa hao wasio na tatizo alikaa pembeni ya uwanja, mabega yakipanda na kushuka, kifua kinapiga mluzi, na inhela yake ya pumu iko bwenini ndani ya sanduku lenye kufuli. Aliyekuwa na ufunguo wa bweni alitafutwa kwa mbio ambazo sikuwahi kuziona kwenye mashindano.

Tangu hapo fomu inakwenda nyumbani, inasainiwa na mzazi au mlezi, kisha mwanafunzi ananiona peke yake, mlango wazi, wenzake mbali. Namuuliza machache. Umewahi kuzimia au kubanwa na kifua wakati unakimbia? Katika ukoo wenu yupo aliyefariki ghafla kabla ya kufika miaka 50? Una pumu, kifafa, kisukari, selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi)? Umewahi kugongwa kichwa mpaka ukasahau kilichotokea? Hayo maneno "wakati unakimbia" siyaachi. Kuanguka kwenye mstari baada ya kusimama juani muda mrefu huwapata wengi na mara nyingi hupita. Kuanguka katikati ya mbio ni jambo jingine kabisa: huyo hakanyagi uwanja tena mpaka daktari amsikilize moyo. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon mwezi Juni 2003 na hakuinuka. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akapona kwa sababu waliokuwa karibu naye walianza kumkandamiza kifua papo hapo na mashine ya kushtua moyo ilikuwepo. Wote wawili walikuwa wachezaji wa kulipwa, wenye timu nzima ya madaktari. Mwanafunzi wako ana wewe na daftari lako.

Kujua hali ya mwanafunzi si kumtoa mchezoni. Mwenye pumu anacheza, mradi inhela iwe mfukoni mwake au kwenye begi langu, na apashe mwili joto taratibu kuliko wenzake. Mwenye selimundu hupangiwa kazi kwa ushauri wa daktari: maji mengi, mapumziko ya mara kwa mara, asishindanishwe mbio fupi fupi za mfululizo. Na walimu wengi hawajui kwamba hata aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye siku zote huonekana mzima, anaweza kuanguka akisukumwa kupita kiasi kwenye joto. Akisema miguu imeisha nguvu, mwamini. Vilevile yule mvulana wa miaka 13 au 14 aliyerefuka ghafla na sasa analalamika pale chini ya goti, kwenye kifupa kilichochomoza: hasingizii. Mfupa unakua na mshipa unauvuta. Mpunguzie kuruka na kukimbia kwa muda, atarudi.

Kwa wasichana, kuna mazungumzo ambayo ni bora ayafanye mwalimu wa kike, na yafanyike kabla ya msimu. Taulo za kike ziwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na mtu aweze kuzichukua bila kuomba ruhusa mbele ya timu nzima. Bukta ziwe za rangi nyeusi au ya kukolea. Wasichana wengi wanaodaiwa "hawapendi michezo" wanachokiogopa ni bukta nyeupe. Wanaovaa hijabu nao wanahitaji jibu mapema: FIFA iliruhusu rasmi kufunika kichwa uwanjani mwaka 2014, na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, ikafuata mwaka 2017. Soma kanuni za mashindano unayoingia, uulize kwa maandishi kama hazieleweki. Msichana asije akaambiwa avue pale mstarini.

Sasa mwili. Kuna desturi siipendi hata kidogo, ya siku ya kwanza baada ya likizo kuwakimbiza wanafunzi mizunguko kumi "kutoa uvivu", na anayebaki nyuma anapigishwa squat mia. Hapo hatujatoa uvivu wowote. Misuli iliyolala mwezi mzima ikifanyishwa kazi kubwa ghafla inaweza kubomoka na takataka zake zikaenda kuziba figo; dalili yake ni mkojo wenye rangi ya chai isiyo na maziwa, na hiyo ni safari ya hospitali. Mwili pia unahitaji kati ya siku 7 na 14 kuzoea kufanya kazi kwenye joto. Kwa hiyo wiki ya kwanza ni michezo myepesi, kukimbia kidogo, kucheka. Wiki ya pili unaongeza. Mchujo wa kuchagua timu uweke wiki ya tatu. Ukiuweka siku ya tatu utachagua waliokuwa wakifanya mazoezi wakati wa likizo, na utawaumiza waliojaribu kuwafikia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki wafanye mazoezi makali na ya kuimarisha misuli na mifupa. Kipindi cha dakika 40 mara moja kwa wiki hakifiki huko, hasa ukitoa dakika za kubadilisha nguo na za kubishana nani awe golikipa. Ndiyo maana timu ya shule haiwezi kutegemea kipindi pekee. Usingizi nao uhesabu kama zoezi: vijana wa umri huu wanahitaji saa 8 hadi 10, na ratiba inayowaamsha saa kumi alfajiri kukimbia baada ya kusoma mpaka saa tano usiku inawavunja tu.

Kupasha mwili joto kunastahili kufundishwa kama somo, kabla ya mechi ya kwanza. Waliozoea kusimama duara na kuvuta miguu huku wakipiga soga hawajapasha chochote. Kwa timu ya mpira wa miguu nawapa utaratibu wa FIFA 11+, ambao huchukua kama dakika 20: kukimbia taratibu, halafu mazoezi ya nguvu na kusimama mguu mmoja, kisha kukimbia kwa kasi na kugeuka. Ulibuniwa kupunguza majeraha, na ukifanywa mara mbili tatu kwa wiki unayapunguza kweli. Chunga magoti wanapotua: yakiingia ndani, yagusane kama ya mtu anayebanwa na haja, mrudishe arudie. Wasichana huchanika mishipa ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana katika michezo ya kugeuka na kuruka, na kutua vizuri kunafundishika.

Uwanja ukaguliwe kwa miguu. Macho peke yake yanadanganya, nyasi zinaficha. Mimi hutembea kutoka goli hadi goli na reki begani, wanafunzi wawili wakinifuata na ndoo. Siku tuliyofukua shimo la kuruka chini, mchanga ulikuwa umeshikana kama sakafu. Tukaupiga jembe, tukaanza kuupekua kwa reki, na kwenye meno ya reki ikanasa shingo ya chupa, kizibo bado kimekaza, ncha zake zikitazama juu. Wiki iliyotangulia watu walikuwa wameruka humo humo. Sasa mchanga unalimwa na kupekuliwa kila asubuhi ya mashindano, na anayepekua ni mtu mzima.

Magoli ya kuhamishika ni hatari ambayo watu huizoea. Goli la chuma lenye upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44 likimwangukia mtoto aliyekuwa akibembea kwenye mwamba linaua, na limeshaua sehemu nyingi. Lifungwe chini kwa vigingi au mifuko ya mchanga, kisha lisukume mwenyewe uone kama linacheza.

Kuruka juu kuna kishawishi chake. Dick Fosbury alishinda Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 kwa kuvuka mgongo chini, mita 2.24, na tangu hapo kila kijana aliyeona video anataka kuruka hivyo. Fosbury aliangukia godoro. Shule isiyo na godoro nene inaruka kwa mkasi, mguu mmoja ukivuka baada ya mwingine, na kutua kwa miguu, mjadala umefungwa.

Kurusha ndiko ninakokuwa mkali zaidi. Uzito kwanza: wavulana wa chini ya miaka 18 wanatumia tufe la kilo 5 na mkuki wa gramu 700, wasichana tufe la kilo 3 na mkuki wa gramu 500. Lile tufe la watu wazima la kilo 7.26 ambalo stoo nyingi zinalo linavunja bega la mtoto bila kumfundisha kurusha. Eneo la kuangukia lizungushiwe kamba. Hakuna anayekwenda kuokota mpaka wa mwisho arushe na mwalimu aseme neno. Mkuki unarudishwa kwa kutembea, umesimama wima, ncha chini. Haurushwi kurudi, hata mara moja, hata kwa mzaha.

Kwenye mbio, ugomvi mwingi hutokana na mistari. Ukichora njia zenye upana wa mita 1.22 kwenye nyasi, uwanja usio na ukingo wa ndani, mbio za mzunguko mmoja mzima ndani ya njia zinataka kila njia ianze kama mita 7.67 mbele ya ile iliyo ndani yake. Pima kwa futi kamba, na upime jana yake. Kwa hatua za miguu utampa mtu ushindi wa bure, na wazazi wataona kabla yako.

Kisha panga ajali. Watu hawapendi kuipanga, wanaona kama unaiita. Andika majina: nani anabaki na majeruhi, nani anapiga simu, gari ni la nani na dereva wake yuko wapi saa hiyo, nani anazuia umati. Angalau watu wawili wajue kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Aliyegongwa kichwa akayumba, akachanganya maneno au akauliza mara mbili matokeo ni ngapi, mchezo wake umeisha siku hiyo, hata kama ni nahodha na ni fainali. Aliyezidiwa na joto mpaka akaanza kusema ovyo anamwagiwa maji baridi na kupozwa hapo hapo kwanza, ndipo asafirishwe. Ngurumo ikisikika wote wanaondoka uwanjani na kuingia kwenye jengo. Chini ya mti si mahali pa kujikinga. Hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikilia nyingine anza kuhesabu upya. Anayetoa uamuzi huo ajulikane mapema, na asiwe mtu mwenye timu iliyo nyuma kwa bao moja.

Halafu ufanyieni mpango mazoezi. Tulipojaribu wa kwetu, mwanafunzi mmoja akajilaza katikati ya uwanja akijifanya amezimia, mimi na saa mkononi. Simu ilipigwa haraka, machela ikaja. Gari likafika geti la nyuma, likasimama. Dakika kumi na moja. Geti lilikuwa limefungwa tangu muhula uliopita na hakuna aliyekumbuka nani alilifunga. Ufunguo wake wa akiba siku hizi naufunga kwenye kamba ya filimbi.

Ndipo tunafika kwenye mpira. Namba 5, mzingo wa sentimita 68 hadi 70, ujazwe upepo jioni ya kuamkia mechi ili kama unavuja ujulikane asubuhi. Na sindano za pampu ziwe mbili, kwa sababu moja hupotea.