Unatengeneza tofu au tempe ya soya kidogo kidogo? Anza na yale maji

Tukiambiwa tutunze mazingira akili zetu zinakimbilia mifuko ya plastiki, kumbe uchafu wetu mkubwa ni yale maji ya njano njano yanayobaki ukishagandisha maziwa ya soya kuwa tofu na kuikamua. Ukiyaangalia hayana neno, ila yamejaa sukari na protini, ukiyamwaga mtoni bakteria wanayashambulia wanamaliza oksijeni samaki wanakosa hewa, na harufu yake baada ya siku mbili mnaijua wenyewe.

Sasa usiyamwage yote. Weka ndoo moja hadi kesho yachachuke, yatagandisha maziwa ya soya ya kesho vizuri tu na siki ya kugandishia utanunua kidogo. Mengine, kama una mtambo wa bayogesi, yapeleke huko ila taratibu jamani, anza na samadi ya ng'ombe mpaka gesi itoke ndo uongeze haya kidogo kidogo, maana yana asidi na ukiyamimina mengi kwa mpigo wale vijidudu wa gesi wanakufa halafu unabaki na tangi la uvundo. Huna mtambo? Yaache yapoe, yazimue kwa maji mengi umwagilie, na usirudie sehemu ile ile kila siku, hasa kama unagandishia nigari, ile ni chumvi ya magnesiamu.

Machicha, yale makapi ya soya yanayobaki ukishachuja maziwa, nayo ni kesi. Kilo 1 ya soya kavu inatoa zaidi ya kilo 1 ya machicha yenye maji, na kwenye joto yanaharibika haraka sana, kwa hiyo mfugaji ayachukue siku hiyo hiyo au uyaanike juani yakiwa membamba. Kitu kinachosahaulika: kama unachuja kabla ya kuchemsha, hayo machicha bado mabichi, yapike kwanza ndo uwape kuku au nguruwe, soya mbichi inawazuia kumeng'enya protini.

Kuni ziwe kavu, sufuria ifunikwe, jiko lizibwe pembeni moto usipotee. Soya ya tempe, ile inayochachushwa kwa ukungu mpaka ishikane, iloweke usiku kucha, itaiva haraka. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho bado masafi, yaoshee soya ya awamu inayofuata.

Haya, na plastiki? Tempe ifunge kwenye jani la mgomba, ule ukungu wake unahitaji hewa na jani linapitisha, hutoboi toboi mfuko na sindano.