Spika zinavuma? Tafuta chanzo kabla ya kununua filta ya umeme

Spika zikianza kuvuma, wengi hukimbilia dukani kutafuta kifaa cha kusafisha umeme. Mimi nawasihi wateja wangu waanze na masikio, kwa sababu upo mvumo ambao filta ya bei kali kuliko zote haiwezi kuugusa.

Hatua ya 1: Sikiliza. Washa amplifaya bila kupiga muziki, pandisha sauti kidogo kidogo, usogeze sikio karibu na spika. Mvumo mzito usiobadilika hufuata mtetemo wa umeme wenyewe: 50 au 100 Hz (mitetemo kwa sekunde), na kwenye nchi za umeme wa 60 Hz ni 60 au 120. Mkwaruzo mwembamba mara nyingi hutoka kwenye chaja, taa za LED au swichi ya kufifisha taa.

Hatua ya 2: Kama ni mvumo mzito, chomoa nyaya za sauti. Zima amplifaya, toa nyaya zote zinazoleta sauti, kisha washa tena. Kumekuwa kimya? Basi umeme wako hauna kosa. Mara nyingi ni vifaa viwili vilivyoshika ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kwa njia mbili tofauti, na mkondo mdogo unazunguka kupitia waya wa sauti. Rudisha waya mmoja mmoja hadi umpate mhusika. Mshukiwa wangu wa kwanza huwa kompyuta au waya wa antena. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Mvumo ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya huo wa sauti.

Kuna mafundi wanaokata pini ya ethi ili kumaliza mvumo. Usikubali kamwe! Siku umeme ukivujia kwenye bodi ya amplifaya, yaani kasha lake la nje, atakayeishika ndiye atakayegeuka ethi.

Hatua ya 3: Kama ni mkwaruzo, zima chaja na taa moja moja. Ukiipata inayokosea, ibadilishe au ihamishie soketi ya mbali. Ikishindikana, tumia feraiti, kile kipande kinene kinachokaa kwenye waya kama ushanga. Ifunge karibu kabisa na kifaa kinachotoa kelele, na uzungushe waya upite ndani yake zaidi ya mara moja. Ukipita mara mbili, uzuiaji huwa karibu mara nne ya ule wa kupita mara moja.

Hatua ya 4: Sasa fikiria filta. Soma ampea zake. Ikiwa ndogo, itaibana amplifaya muziki unapopiga kwa nguvu. Halafu kagua ethi ya soketi. Filta nyingi humwaga sehemu ya kelele kwenye ethi, kwa hiyo soketi isiyo na ethi huipunguzia uwezo, na bodi za vifaa zinaweza kukutekenya ukizigusa.

Stabilaiza ni ya umeme unaopanda na kushuka, haisafishi kelele. UPS (vifaa vya betri vinavyoshika umeme ukikatika) zisizotoa wimbi laini huweza hata kuongeza mkwaruzo zikiwa kwenye betri. Kinga ya radi nayo huchakaa kwa kila pigo inalolipokea, hivyo taa yake ya ulinzi ikizimika, ibadilishe.

Hatua ya 5: Jaribu kabla hujakubali. Acha kitufe cha sauti palepale, mwombe mtu achomeke na kuchomoa kifaa kipya bila wewe kuona. Usipotambua tofauti, kirudishe ulikokinunua.